Matishali ya Mto Orwell

Mto Orwell hauna ukubwa wa kutajika. Unaanzia mjini Ipswich, mashariki ya Uingereza, unateremka maili kumi na kitu tu hadi unapokutana na mto Stour mbele ya Harwich, kisha yote miwili inaingia Bahari ya Kaskazini. Maji yake ni ya chumvi, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yakipwa huacha nyanda za tope jeusi ambazo mgeni akizikanyaga atatoka bila viatu. Nilikaa Ipswich mwishoni mwa miaka ya 1980, nikifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Mwezi wa Juni kule jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mtu wa zamu ya usiku aliyekwisha amka saa nane mchana hajui autumie vipi mwanga wote huo. Mimi niliupeleka Pin Mill.

Pin Mill ni kitongoji cha vijumba vichache ukingoni mwa mto. Unapanda basi hadi kijiji cha Chelmondiston, unashuka kwa miguu kwenye njia nyembamba yenye miti, na mto unakufungukia mbele. Pana baa kongwe iitwayo Butt and Oyster, ambayo maji ya bamvua huigusa ukuta. Mimi si mtu wa baa, lakini benchi la nje halimuulizi mtu anakunywa nini. Nilikaa na chupa yangu ya chai na kutazama vyombo.

Vingi havikuwa na la kutazamwa: maboti meupe ya plastiki, yote ya umbo moja, yamefungwa kwenye maboya katikati ya mto. Nilikuwa nikisubiri vile vingine. Tabia hiyo nilikwenda nayo kutoka kwetu Malindi, Unguja. Utotoni, kaskazi ikishavuma, kati ya Desemba na Machi, sisi watoto tulikuwa tukishindana kukitaja chombo kabla hakijafika bandarini. Bumu lilijulikana kwa kuchongoka mbele na nyuma. Sambuki lilikuwa na shetri ya bapa. Majahazi ya Lamu tuliyatambua kwa macho yake mawili yaliyopachikwa omoni. Aliyepatia alikuwa na haki ya kuwadhihaki waliokosea mpaka chombo kingine kitokeze, na hapakuwa na zawadi nyingine.

Pale Pin Mill alikuwapo mzee mmoja aliyecheza mchezo huohuo peke yake. Alikuwa na darubini shingoni ambayo sikumwona akiitumia ila kuwaazima wengine. Ujanani alikuwa baharia wa matishali ya matanga, na siku ya kwanza tuliyozungumza alinionyesha tanga jekundu likichungulia juu ya miti, mbali, mwili wa chombo bado umefichwa na kona ya mto. Akasema, "Thalatta." Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia nitazame tanga la juu lilivyokatwa, kisha nitazame kibendera kilicho kileleni mwa mlingoti. Kila mwenye matishali alikuwa na rangi zake za kibendera, na mtu wa mtoni alizijua zote. Tishali lilipomaliza kona, jina la ubavuni lilikuwa Thalatta kweli, lililojengwa Harwich mwaka 1906, likiwa limejaa watoto wa shule. Tangu siku hiyo nilihama benchi nikakaa lake.

Inafaa nieleze tishali la matanga la Thames lilivyo, maana mtu aliyezoea vyombo vya kwetu hawezi kulikisia. Lina urefu wa futi 80 au 90, na chini ni bapa kabisa, halina mkuku wa kuzama. Likiwa tupu linahitaji maji ya kama mita moja tu. Kwa hiyo huingia vijito ambavyo mashua ya kawaida ingekwama, maji yakitoka hukaa juu ya tope limesimama wima, likapakia shehena kutoka kwenye mkokoteni, na maji yakirudi likaondoka. Chombo bapa namna hiyo kingepeperushwa upande na upepo, ndiyo sababu kina mbao mbili kubwa zinazoning'inia ubavuni, moja kila upande. Ile ya upande wa chini ya upepo huteremshwa majini ikashika.

Na tanga lake kubwa halina foromali. Pana boriti ndefu inayopanda kwa mshazari kutoka mguuni pa mlingoti hadi pembe ya juu ya tanga, na boriti hiyo haishuki. Tanga likitakiwa kufungwa, huvutwa kwa kamba likajikunja mlingotini kama pazia. Hakuna mtu anayepanda juu, hakuna kundi la watu wa kuimba na kuvuta jarari. Nyuma pana mlingoti wa galme, mdogo, na kila mahali palipo na uzito pana winchi. Kama kulikuwa na daraja njiani, mlingoti wenyewe na matanga yake yote ulilazwa sitahani, tishali likapita chini, ukasimamishwa tena upande wa pili. Kwa kazi hiyo nahodha aliweza kukodi kibarua wa darajani, akamlipa, akamshusha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 matishali haya yalikuwa zaidi ya 2,000. Yalibeba saruji, matofali, ngano, makaa. Mzee alipenda zaidi kunisimulia yale ya nyasi, ingawa yeye mwenyewe aliyasikia kwa waliomtangulia. London ilikuwa na farasi wengi kuliko ilivyoweza kuwalisha, kwa hiyo mashamba ya Suffolk na Essex yalipeleka nyasi kavu na mabua kwa maji. Shehena ilirundikwa sitahani mpaka ikafika karibu nusu ya mlingoti, na sehemu ya chini ya tanga ikabidi ikunjwe. Aliyeshika usukani nyuma haoni kitu mbele isipokuwa ukuta wa nyasi, na mwenzake alikaa juu ya rundo akimpigia kelele aende kulia au kushoto. Safari ya kurudi tishali lilijaa mavi ya farasi haohao, mbolea ya mashamba yaleyale. Sijui biashara nyingine iliyojizungusha kwa ukamilifu namna hiyo.

Wekundu wa matanga haukuwa pambo. Kitambaa kilipakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki na maji ya bahari ili kisioze. Siku moja tishali lilifungwa gatini likiwa limepakwa karibuni, upepo ukaniletea ile harufu, nami nikaijua mara moja. Ilikuwa ndugu wa harufu ya sifa, yale mafuta ya papa tuliyopaka mbao za majahazi, harufu ambayo mama yangu hakuiruhusu kuvuka kizingiti cha nyumba. Nilimweleza mzee kuhusu sifa. Akauliza inapakwa mara ngapi na inakauka kwa muda gani. Huyo ndiye mtu pekee Uingereza aliyewahi kuniuliza swali la maana kuhusu kwetu.

Wakati huo kazi ilikuwa imekwisha. Tishali la mwisho kubeba shehena kwa matanga matupu, bila mashine, lilikuwa Cambria, la mwaka 1906, chini ya nahodha Bob Roberts, na liliacha mwaka 1970. Tuliyoyaona sisi yalibeba watoto wa shule, watalii, na watu wa klabu waliojifunza kamba mwishoni mwa wiki. Shehena ilikuwa imehamia mdomoni mwa mto, Felixstowe, kwenye makontena. Kila mwaka majira ya joto hufanyika mashindano ya matishali hapo Pin Mill, na siku hiyo mto hujaa matanga mekundu tangu asubuhi, Victor la Ipswich la 1895, Centaur la Harwich la mwaka huohuo, Xylonite la chuma la 1926, na mengine. Ukingo wote hujaa watu na kamera. Mzee hakuipenda siku hiyo. Alisema tishali lisilo na mzigo halina adabu, linarukaruka. Nadhani alikuwa mkali mno. Mimi niliipenda, hata nikaomba ruhusa kazini.

Kati ya matishali vilipita vyombo vya ajabu, na hapo mimi na yeye tulikuwa sawa, maana naye alikuwa akikisia. Zilikuja mashua za Kiholanzi ziitwazo botter, zimevuka Bahari ya Kaskazini, za duara na nono mbele, nazo zina mbao za ubavuni. Iko siku ilipita mashua ndogo yenye tanga la Kichina, lile lenye fito za kukingama, na mzee akanieleza kwamba Mwingereza Blondie Hasler aliliweka tanga la namna hiyo kwenye chombo chake Jester, akavuka nacho Atlantiki peke yake mwaka 1960 katika mashindano ya kwanza ya watu wapweke, akashika nafasi ya pili. Alisifu kwamba mtu huyo alilikunja tanga bila kutoka mlangoni. Kila alichokisifu mzee kilihusu kupunguza mikono.

Na palikuwa na Nancy Blackett, boti la mbao la mwaka 1931 lililokuwa la mwandishi Arthur Ransome. Ndilo aliloliita Goblin katika hadithi yake ya 1937, inayoanzia hapohapo Pin Mill. Watoto wa Kiingereza walilijua kwa jina lake la kitabuni.

Kilichonishtua mimi ni katamarani, mashua ya miili miwili, ya mtindo wa James Wharram. Ilipanda topeni maji yalipokupwa, nikaenda kuitazama karibu. Boriti zilizounganisha miili ile miwili hazikupigwa msumari wala parafujo. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba. Nikakumbuka mtepe, chombo cha mababu kilichoshonwa kwa kamba za nazi, ambacho sikuwahi kukiona kikielea, nilikisikia tu kwa wazee. Mwenye katamarani, kijana mwenye ndevu, aliniambia kamba hukubali mawimbi na chuma hukataa. Sikuwa na la kumpinga.

Majira ya joto ya mwisho niliyokaa kule alinitembelea mjomba wangu. Zamani alikuwa serahangi wa jahazi lililobeba boriti za mikoko kutoka Rufiji, na miaka ya 1970 akahamia Maskati. Alikuja London kumwona binti yake, nikamwomba aje mpaka kwangu, na kesho yake nikampeleka Pin Mill. Nilimpa nafasi ya katikati kwenye benchi. Mzee wa Kiingereza alivua kofia, mjomba akaweka mkono kifuani. Hawakuwa na lugha moja, lugha nilikuwa mimi.

Tishali lilikuwa likipanda mto dhidi ya upepo, likibisha kutoka ukingo huu hadi ule.

"Wako wangapi chomboni?" mjomba akauliza.

"Siku za kazi, wawili."

"Nakuuliza mabaharia, sikuulizi manahodha."

"Wawili, mjomba. Nahodha na msaidizi wake."

"Muulize tena. Hakukusikia."

Nikamuuliza tena, mzee akanyoosha vidole viwili. Mjomba akanyamaza na kutazama. Tishali lilipogeuka, omo ikakata upepo, tanga la mbele likazuiwa kwa kamba kidogo ili lisukume kichwa cha chombo upande wa pili, kisha likaachiwa likapita lenyewe. Kwenye jahazi kupindua ni kazi ya watu wote. Unageuka kwa kuupa upepo mgongo, foromali inasimamishwa wima, tanga linazungushwa mbele ya mlingoti, na upepo ukiwa mkali mtu anaweza kupoteza mkono au maisha. Mjomba alilieleza hilo kwa mikono yake yote miwili, na mzee aliliona bila tafsiri.

Kisha wakaja kwenye fedha, na hapo ndipo walipoelewana hasa. Mjomba alisema kwao nauli ikishatolewa masurufu, nusu ni ya chombo, nusu hugawanywa mafungu: baharia moja, yeye serahangi moja na nusu, nahodha zaidi. Mzee akasema na kwao nusu ilikuwa ya mwenye tishali, na nusu ya pili nahodha alichukua theluthi mbili, msaidizi theluthi moja. Mjomba akapiga hesabu kichwani.

"Basi hawa hawakukosa watu," akasema. "Waliwapunguza."

Nikatafsiri. Mzee akacheka. "Mwambie winchi haidai fungu."

Mjomba alilipenda jibu hilo lakini hakusalimu amri. Alisema chombo kile ni cha mtoni, kikitoka nje ya Ras Hafun kusi ikiwa imechafuka kitapinduka na winchi zake. Mzee akajibu kwamba wao walikwenda nacho Ubelgiji na Ufaransa wakati wa baridi. Mjomba akauliza Ufaransa iko umbali gani. Nilipomwambia, alitabasamu kwa adabu na kunyamaza, na kule kunyamaza ndiko mzee alikokasirikia. Walibishana mpaka basi la mwisho.

Nilimpelekea mjomba picha za tishali huko Maskati. Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua, na ndani yake moja ya picha zile ikiwa imechorwa kwa kalamu ya wino: mwili wa jahazi, mbao za ubavuni za tishali, winchi mbili. Alikuwa amekwenda nayo Sur kwa fundi wa majahazi kumuuliza kama inawezekana. Fundi alisema inawezekana, ila nani atalipa? Mjomba aliandika kwamba amemjibu fundi asubiri kidogo, kwa kuwa ana mpwa wake Uingereza.