Apimwe au Tusubiri? Mjadala wa Nyumbani Kwetu Oloipiri

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa elimu, kuna swali ambalo kwenye mtihani tunalijibu bila hata kukuna kichwa. Mtoto anayeonekana kuchelewa apimwe kabla ya kuanza shule, au aanze kwanza tuone? Unaandika "ubainishaji wa mapema", unataja faida tano, unafunga karatasi. Likizo iliyopita swali hilohilo niliulizwa na dada yangu nyumbani Oloipiri, huku Loliondo, na zile faida tano hazikutosha hata kumaliza chai.

Mtoto mwenyewe ni wake, mimi ni mama yake mdogo. Ana miaka mitano, na Januari anatakiwa kuingia darasa la awali. Maneno yake hayazidi ishirini, yote ya Kimaasai, na mengi anayaelewa mama yake peke yake. Ukimwita anakutazama, anakuja. Ukimwita amekupa mgongo, mara nyingi haji. Lakini mpeleke kwenye ndama: anajua kila ndama na mama yake, na jioni mmoja akikosekana atakuvuta shuka mpaka uende ukamtafute. Mtoto wa hivyo mtu asiniambie hana akili.

Nyumbani maoni ni matatu. Shemeji anasema tusubiri. Anataja mzee mmoja aliyechelewa kusema utotoni, na leo ndiye hanyamazi kwenye mkutano wa kijiji. Koko, yaani bibi yetu, hataki hata kulisikia neno kupimwa. Kwake mtoto ni mtoto, anakula na wenzake, anachunga na wenzake, basi. Nilishangaa baadaye kukuta maneno hayohayo kwenye kichwa cha makala ya Aud Talle, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 1995 kuhusu ulemavu kwa Wamaasai wa Kenya. Alichokiona ni kwamba mtoto mwenye ulemavu analelewa kama wengine, hafichwi. Koko hajasoma makala yoyote, ila ndivyo alivyotulea.

Dada yangu ndiye aliyenipa shida. Yeye hakatai. Aliniuliza hivi: "Wakishaandika kwenye karatasi kwamba ana tatizo, nani atakuja kuifuta?"

Chuoni tumezoea kuita hofu kama hiyo uelewa mdogo wa jamii. Mimi nimeikagua na nimeona ina sababu zake.

Ya kwanza ni lugha. Shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, na huku kwetu watoto wengi wanakutana na Kiswahili mlangoni mwa darasa. Mimi mwenyewe nilikaa kimya karibu mwaka mzima wa kwanza, na masikio yangu ni mazima kabisa. Sasa mtoto wa Oloipiri akionyeshwa picha ya treni na kuulizwa kwa Kiswahili hiki ni nini, atanyamaza. Anayepima asipokuwa na mtu wa kutafsiri Kimaasai, atajuaje kama kimya hicho ni cha masikio, cha akili, au cha mgeni?

Ya pili ni umbali. Kutoka kwetu mpaka Arusha ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Shule za viziwi zipo nchini, ile ya Tabora tangu mwaka 1963 na ya Buguruni tangu 1974, lakini ni za mbali. Kama mtoto ni kiziwi kweli, huko atapata kitu kikubwa sana: Lugha ya Alama, yaani lugha kamili ya kufikiria na kugombana na wenzake. Ila akirudi likizo, hakuna mtu bomani anayeijua. Dada analiona hilo kama kumpoteza mtoto, na sina cha kumcheka.

Upande wa pili nao una uzito. Nilisoma na msichana mmoja, shule siitaji, aliyekaa dawati la nyuma miaka yote. Aliitwa mzito. Alichapwa kwa kunakili ubaoni vibaya. Darasa la sita ndipo ikagundulika macho yake hayaoni mbali. Alihitaji miwani, na kabla ya miwani alihitaji tu kusogezwa mbele. Walimu wake nao walisubiri waone, na aliyelipa ni yeye. Hakuendelea na sekondari.

Sheria nayo haituruhusu kukaa tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na inataka apewe msaada unaomfaa. Sasa msaada gani, kama hakuna aliyewahi kuangalia anakosa nini? Hata Baraza la Mitihani linatoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, lakini ni kwa mtahiniwa ambaye shule imemtambua na kumwombea. Kwa hiyo karatasi anayoiogopa dada inaweza kumfungia mtoto mlango, na inaweza pia kumfungulia.

Kilichotutoa hapo ni jambo ambalo dada alilisema kama la kawaida tu. Tangu mtoto ana mwaka mmoja, masikio yanatoa usaha. Yanakauka, yanarudi. Nikamuuliza mara ngapi, akasema hahesabu. Usaha wa kujirudia hivyo unaweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu, na mara nyingi unatibika. Hapo nikaona kwamba tulikuwa tunabishana juu ya maswali mawili kana kwamba ni moja. Kupima masikio ni kazi ya hospitali. Kupima mahitaji ya kujifunza ni kazi ya elimu. La kwanza halihitaji tukubaliane kuhusu la pili, na bila la kwanza, la pili litapimwa kwa kubahatisha.

Basi tulipofikia ni hapa. Masikio yanaanza, Hospitali ya Wasso, ambako si mbali. Wakisema aende kwa wataalamu zaidi, KCMC Moshi wana idara ya masikio, pua na koo. Nauli nitachangia kutoka kwenye bumu, tutabanana. Januari anaingia darasa la awali palepale kijijini na wenzake, vyovyote majibu yatakavyokuwa. Nimemwomba dada aangalie mambo matatu kila siku: anageuka akiitwa kwa nyuma? Ameongeza neno gani? Siku usaha unapotoka, usikivu unabadilika? Hajui kuandika, kwa hiyo ananirekodia sauti na kunitumia mtandao ukikamata. Nina rekodi kumi na moja mpaka sasa. Siku tukifika kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, hizo ndizo tutakazotanguliza, na dada atakaa pembeni kutafsiri.

Nasema "siku tukifika" kwa sababu shemeji amekubali masikio tu. Karatasi bado. Anataka kwanza aone dawa zimefanya nini, na mimi nimeomba jambo moja: tusipitishe mwaka wa awali wote bila kurudi kwenye kikao. Amesema sawa. Koko hajasema kitu.

Wenzangu mnaokwenda BTP, wengine mtapangiwa shule kama zetu, watoto mia kwenye chumba kimoja na lugha isiyo yao. Mkimkuta mtoto kimya, simameni nyuma yake mumwite jina. Asipogeuka, msogezeni mbele siku hiyohiyo, halafu mtafuteni mama yake. Kusogeza dawati hakuhitaji kibali cha mtu.