Hablaba, hablabas... na mtihani wa Ijumaa

Nimeadimika kijiweni siku mbili hizi kwa ajili ya Kihispania. Ijumaa tuna mtihani wa kuongea, alama 20. Unakaa mbele ya mwalimu, unasimulia utoto wako dakika tano bila karatasi. Ukivurunda hapo unaanza kunusa sapu. Na utoto husimuliwi bila ule wakati wanaouita imperfecto, kwa hiyo leo nadesa hapa hapa, na nyie mnufaike.

Vitenzi vyao vinaishia na -ar, -er au -ir. Chukua hablar, kuongea (hiyo h haitamkwi, msijitese). Kata -ar, inabaki habl-, halafu bandika: hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban. Comer, kula: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Vivir, kuishi, inamfuata comer kila hatua: vivía, vivías, twende kazi. Basi, umemaliza! Vinavyokataa kanuni ni vitatu tu lugha nzima: ser (era), ir (iba) na ver (veía). Ule wakati uliopita mwingine, indefinido, una vitenzi vikaidi kibao, waulizeni walioungua.

Kilichonifurahisha ni mpangilio. Sisi tunasema tu-li-ongea: mtu, wakati, mzizi. Wao habl-ába-mos: mzizi, wakati, mtu. Yaani Kiswahili kimepigwa kinyumenyume! Ila wana shimo moja. Hablaba ni mimi na pia ni yeye, wakati ni- na a- zetu hazigombani hata siku moja. Kwa hiyo mahali penye utata unaongeza yo au ella, mambo yanakaa sawa.

Sasa tuje kwenye utata wenyewe. Nikisema "bibi aliuza vitumbua", hamjui kama ni jana mara moja au ni miaka yote. -li- yetu inabeba vyote, mpaka uende kwenye "alikuwa akiuza". Kihispania hakikupi nafasi ya kujificha. Vendió, aliuza, biashara imefungwa. Vendía, alikuwa akiuza, kila alfajiri, na moshi ukikuwasha macho.

Bibi yangu alifariki 2019. Kwenye kikundi jamaa mmoja akakomaa: kama mtu hayupo, kila alichofanya kimekwisha, kwa hiyo ni vendió tu. Tukabishana mpaka tukampelekea mwalimu. Akasema imperfecto haiulizi kama jambo limeisha, inakuweka ndani yake, pasipoonekana mwanzo wala mwisho. Ukitaja muda na kuufunga, mfano "miaka ishirini", hapo unarudi kwa indefinido: vendió durante veinte años. Lakini mazoea ya mtu, sura yake, alivyokuwa akiniita, yote ni imperfecto, awe hai au hayupo.

Basi nafanya mazoezi chumbani. Mi abuela vendía vitumbua. Cantaba. Me llamaba a las cinco. Inateleza kama mafuta. Nikifika murió en 2019 sauti inakata. Sarufi naijua, ni mara moja, imeisha, indefinido, hakuna mjadala. Ila haitoki. Nimejaribu mara nne.

Nimepiga hesabu: dakika tano zinajaa vizuri kwa -aba na -ía peke yake. Siongopi chochote, naishia tu jikoni kwa bibi, vitumbua vikiwa bado viko motoni. Mwenzangu wa chumba anasema nisijidanganye, mwalimu ataniuliza tu "¿y ahora?", na sasa je? Hilo ni swali la wakati uliopo, nao tuliumaliza semista ya kwanza.

Haya, nimebakiza comíais na wenzake, hao hutumika zaidi Hispania kwenyewe, Amerika ya Kilatini wanasema ustedes comían. Naomba dua zenu Ijumaa saa nne.