Kisanduku cha lazima, na samasoti ya Surya Bonaly

Najua nimeadimika. Kazi za watu zimenibana, na kila nikikaa kuandika, umeme wa huku Mwembe Tayari unajua kuchagua saa ya kukatika. Leo sina somo la hifadhidata wala la PHP. Nataka kuwaeleza hitilafu moja niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe, ambayo haikutoa ujumbe wowote wa kosa kwenye skrini, na jinsi ilivyonifikisha kwenye mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Ndiyo, barafu. Mtu wa Mombasa! Sisi barafu tunayoijua ni ya kwenye sharubati ya ukwaju na ile ya kuwekea samaki.

Mwaka 2023 walinijia vijana fulani wanaoandaa mashindano ya sarakasi hapa kisiwani. Mwaka wa nyuma yake majaji walitoa alama kwa karatasi na ikazuka zogo kubwa, kwa sababu jaji mmoja alikuwa mjomba wa mshindani na alama zake zilimsaliti. Sasa wakataka programu ya simu: kila jaji na simu yake, alama ziende kwenye seva, hakuna mtu kuchezea karatasi. Malipo yalikuwa chakula cha mchana na asante nyingi, lakini nilikubali, maana sarakasi za pwani nazipenda tangu utotoni.

Kwa asiyezijua: vijana wa huku huanza mchangani, ufukweni. Hujifunza samasoti, piramidi za watu, kupenya kwenye pete, kupita chini ya fimbo inayowaka moto. Wakiiva hupata kazi za usiku kwenye hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, na wengine huvuka bahari wakaajiriwa huko Ulaya na kwingineko. Kwa hiyo si mchezo wa kupitisha wakati tu, ni riziki. Mwaka ule zawadi haikuwa kikombe. Meneja wa hoteli moja alikaa mstari wa mbele, na kikundi cha kwanza kingepewa mkataba wa msimu mzima.

Nikakaa na waandaaji usiku tatu. Tukaorodhesha mitindo 24, kila mmoja na thamani yake. Jaji anachagua mtindo kwenye menyu, anatoa alama ya ubora kuanzia kutoa 3 hadi kuongeza 3, kisha programu inatupa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa na kupiga wastani wa zilizobaki. Mjomba asipate pa kupita. Nilijiona mwerevu sana. Na jambo moja dogo: kisanduku cha mtindo nilikifanya cha lazima. Jaji asipochagua, haendi mbele. Mwandishi yeyote wa programu anajua kwa nini tunafanya hivyo. Hatutaki data chafu.

Orodha niliisambaza WhatsApp mwenyewe wiki mbili kabla, nikiona ndiyo haki. Siku yenyewe vikawa vikundi saba. Sita vilikuja na piramidi ileile, ile niliyoipa thamani kubwa kuliko zote, na viwili kati yao viliirudia. Muziki mbalimbali, jezi mbalimbali, piramidi moja. Ilipofika ya nne watazamaji walikuwa washaanza kuchezea simu zao.

Kikundi cha saba kikaingia. Kijana wa miaka 16 hivi alipanda mabegani mwa mwenzake, akapiga samasoti ya nyuma, akatua chini kwa mguu mmoja. Si kwa bahati mbaya. Alibaki pale juu ya mguu mmoja, mikono wazi, na uwanja mzima ukasimama. Mimi nilikuwa nimetazama skrini ya seva. Majaji watano, hakuna aliyetuma alama. Mmoja akanigeukia: "Hii umeiweka wapi?" Sikuwa nimeiweka popote. Orodha ilikuwa na samasoti ya nyuma ya kutua kwa miguu miwili, na chini yake palikuwa na "kosa la kutua", inayokata alama 2. Watu wanangoja, kisanduku hakikubali kubaki kitupu, majaji wakachagua kilicho karibu. Watatu kati ya watano walibonyeza kosa la kutua. Kikundi kikamaliza cha nne.

Mwalimu wao alinifuata nikikunja nyaya. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hiyo mashine yako hukuifunza mguu mmoja?" Nikamwambia, "Mwalimu, haikuwa kwenye orodha." Akasema, "Najua. Ndiyo maana aliifanyia mazoezi miezi minne."

Usiku ule sikulala. Nikaingia YouTube kutafuta samasoti ya nyuma ya mguu mmoja, nikidhani nitaona Wachina au vijana wa mazoezi ya viungo. Badala yake nikaona mwanamke mweusi, kwenye barafu, na viatu vya chuma.

Jina lake Surya Bonaly, Mfaransa, mzaliwa wa Nice mwaka 1973. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, na mara tatu alishika nafasi ya pili duniani. Kabla ya barafu alikuwa mtu wa mazoezi ya viungo, na mwili wake haukusahau. Kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alikuwa ameshapitia jeraha kubwa la mguu, na baada ya mchezo mfupi alikuwa wa sita. Katikati ya mchezo mrefu akapiga samasoti ya nyuma na kutua kwa mguu mmoja. Majaji wakamkata. Akamaliza wa kumi.

Kwa nini wamkate? Hapa ndipo niliposogeza kiti karibu. Mmarekani Terry Kubicka alipiga samasoti hiyo kwenye Olimpiki ya mwaka 1976, na muda si mrefu shirikisho la kimataifa, ISU, likaipiga marufuku. Sababu ya kwanza ilikuwa hatari. Ya pili ni kwamba ilitua kwa miguu miwili, na kanuni ya mchezo ule ni kutua kwa mmoja. Sasa Bonaly katua kwa mmoja! Hoja yao ya pili aliijibu kwa mwili wake, mbele ya dunia, na jedwali halikuwa na mahali pa kuandika jibu.

Nikazama kwenye historia ya alama zao kama mtu anayesoma msimbo wa mwenzake akitafuta wapi pameharibika. Zamani kilele kilikuwa 6.0, alama moja ya ufundi na nyingine ya usanii, na ile ya pili ilitegemea sana jicho na ladha ya jaji. Bonaly aliumia sana hapo. Halafu kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 ikazuka kashfa ya kupangiana kura, mpaka zikatolewa dhahabu mbili kwa jozi mbili. Mjomba wetu, kwa ukubwa wa dunia. Mwaka 2004 wakapitisha mfumo mpya: kila mruko una thamani yake kwenye jedwali, majaji wanaongeza au kupunguza kwa ubora, ya juu na ya chini zinatupwa. Nilicheka peke yangu gizani. Nilikuwa nimeandika nakala mbovu ya kitu ambacho kilikuwapo miaka 19.

Na wao pia walipata piramidi zao. Kuna mzunguko mmoja ambao mchezaji anavuta mguu wa nyuma mpaka juu ya kichwa, ukaitwa Biellmann kwa sababu ya Denise Biellmann wa Uswisi, bingwa wa dunia mwaka 1981. Ulikuwa alama yake. Mfumo mpya ulipoanza kuulipa kwenye daraja za mizunguko, ukawa kila msichana anaufanya, mwenye mgongo wa kuuweza na asiye nao. Kisha wakaweka nyongeza ya asilimia 10 kwa miruko ya nusu ya pili, wakati miguu imechoka. Mrusi Alina Zagitova mwaka 2018 aliweka miruko yake yote nusu ya pili na kuondoka na dhahabu. Hakuvunja sheria hata moja. Wakabadilisha sheria. Mimi namvulia kofia, ni mtumiaji aliyesoma mwongozo wote.

Kinachonishangaza ni kwamba mchezo wenyewe umejaa majina ya wabunifu. Axel ni Axel Paulsen wa Norway, 1882. Salchow ni Ulrich Salchow wa Sweden, 1909. Lutz ni Alois Lutz wa Austria, 1913. Kila mstari wa jedwali lile ulikuwa siku moja kitu ambacho hakimo kwenye orodha.

Mwezi mmoja tu baada ya mashindano yetu, Januari 2024, Adam Siao Him Fa, Mfaransa ambaye wazazi wake ni watu wa Mauritius, alipiga samasoti ya nyuma kwenye ubingwa wa Ulaya kule Kaunas. Alijua atakatwa alama 2. Akakatwa, na akashinda. Juni mwaka huohuo ISU ikaondoa marufuku. Lakini soma vizuri: haikatwi tena, na haikupewa thamani ya mruko. Imeruhusiwa kuwa sifuri.

(Ukitaka kujua kama nimewahi kukanyaga barafu: mara moja, mwaka 2019 nikiwa chuoni, kwenye ule uwanja wa hoteli ya Panari jijini Nairobi uliofunguliwa mwaka 2005. Uko Mombasa Road, yaani barabara ya kwetu, ila upande usio wetu. Nilianguka mara nane na sikupata alama.)

Basi nilibadilisha nini? Nimeongeza chaguo la "Nyingine". Jaji akilibonyeza, anaandika maneno machache, na video ya sekunde kumi inahifadhiwa. Majaji wote wanaitazama na kuipa thamani kila mmoja kivyake bila kuona ya mwenzake. Mtindo ukikubalika, mwaka unaofuata unaingia kwenye orodha kwa jina la aliyeuleta. Kwenye karatasi inapendeza. Desemba 2024 "Nyingine" ilibonyezwa mara 11, na mara 9 ilikuwa mitindo ya kawaida ambayo majaji walivivu kuitafuta kwenye menyu. Mara moja ilikuwa mjomba mwingine. Mlango niliomfungulia yule kijana ndio huohuo anaopitia mjomba, na mpaka leo sijui kuandika sharti la kuwatenganisha.

Kijana mwenyewe hakuja. Kikundi kilivunjika baada ya kukosa ule mkataba. Mwezi uliopita nilimkuta hapa Mwembe Tayari, anapakia mizigo kwenye mabasi ya Nairobi. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka. Nikamwonyesha Bonaly kwenye simu. Akatazama mara tatu, kila mara akirudisha pale pa kutua.

"Hapo ni barafu?"

"Barafu."

"Na hivyo viatu ni vya chuma?"

"Vya chuma."

"Wakampa ngapi?"

"Walimkata."

Akanirudishia simu. Nikamwambia ule mtindo sasa uko kwenye orodha, namba 25, kwa jina lake, na kwamba mashindano ni Desemba. Akauliza una thamani gani. Nikamweleza kwamba majaji bado hawajakubaliana. Akasema atafikiria, akainua gunia jingine, maana basi lilikuwa linaondoka saa tatu.