Jioni ya Agosti, Komini ya Kenya

Mjukuu wangu, juzi uliniuliza ubishi huu wa mapenzi ya jinsia moja ulituingia lini kanisani. Kwangu uliingia Agosti 1998, katika maombi ya jioni nyumbani kwetu, komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Baridi ya kiangazi ilikuwa inaondoka, vumbi jekundu limelala juu ya kila kiti, na mama alikuwa akikaanga mikebuka kwenye mbabula. Faranga ilikuwa mpya, imetoka tarehe 30 Juni, moja kwa zaire mpya 100,000, na akina mama sokoni walikuwa bado wanakosana hesabu kwenye kila meka ya unga. Redio tuliiwasha kwa sababu ya vita, maana tangu tarehe 2 moto ulikuwa umewaka Goma na Bukavu. Katikati ya habari hizo tukasikia kwamba maaskofu Waanglikana, katika mkutano wao wa Lambeth huko Uingereza, wamepiga kura 526 kwa 70 kwamba mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko.

Sisi tulikuwa Wamethodisti, na kitabu cha sheria zetu kilikuwa na maneno kama hayo tangu 1972, ila kwetu hakuna aliyekuwa ameyatamka kwa sauti. Kijana mmoja akafurahi, akafungua Sodoma. Ndipo mwinjilisti mzee, aliyesomea Mulungwishi, uso mwembamba na miwani iliyofungwa kwa uzi, akaomba Biblia mbili, akafungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6. Segond ya Kifaransa ilisema “infâmes”, watu wa aibu, bila kueleza aibu gani. Kiswahili kilisema walawiti. Akatuambia kwamba neno la Paulo, arsenokoitai, halijaonekana kwa mwandishi yeyote kabla yake. Sodoma nayo akaipeleka Ezekieli 16, ambako kosa lake ni kiburi na shibe isiyomshika maskini mkono. Kijana akadakia: “Soma na mstari wa 50, Baba, machukizo yamo.” Akausoma. Mama naye, bila kugeuka kutoka kwenye moto, akauliza: “Na Warumi moja?” Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema hiyo hawezi kuizunguka, ipo, na yeye bado anaisoma. Wahubiri wengi nimewasikia tangu hapo. Huyo ndiye niliyemwamini.

Yaya wangu, kifungua mimba wa mama, alikuwa akigawa munkoyo. Mkono wake ulisimama juu ya kikombe changu kwa muda mrefu kupita kiasi, na mimi, niliyekuwa najua, nilitazama chini. Hakuna aliyemfukuza. Aliacha kwaya mwenyewe, na kabla ya mvua za kwanza alikuwa amevuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Kule kutazama chini ninatembea nako mpaka leo.

Kura za kanisa letu zilizofuata unazijua: St. Louis 2019, 438 kwa 384, wakakaza makatazo. Charlotte 2024, 692 kwa 51, wakaondoa katazo la uchungaji kwa wapendao jinsia moja. Yaya hakuishi kuzisikia. Alirudi mara moja tu, kwenye kilio cha mama, akakaa kando, karibu na mlango wa uani. Yule mwinjilisti, sasa amepinda mgongo, aliinuka kwa fimbo, akaburuta kiti chake mwenyewe mpaka karibu na moto, akamwita kwa jina lake la ubatizo, akabaki amesimama mpaka yaya alipokuja kuketi.