Kilambo, Kijiji cha Mlangoni

Watu wa pwani huita mahali mto unapoingia baharini mlango wa mto. Jina hili lina busara kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mlango ni kitu chenye kazi mbili: hufungua na hufunga. Nyumba isiyofungika ni gofu. Nyumba isiyofunguka ni kaburi. Insha hii ni habari ya kijiji kimoja kidogo kilichoko mlangoni pa Ruvuma, nacho ni Kilambo, yapata kilomita 40 kusini ya mji wa Mtwara. Si kijiji cha kusifika. Katika ramani nyingi hakimo, na katika zile ambamo kimo, kimeandikwa kwa sababu ya forodha na kivuko tu. Walakini naamini kwamba mtu atakaye kujua mpaka ni nini, atajifunza mengi zaidi akiketi Kilambo siku tatu kuliko akisoma mikataba mwezi mzima.

Kwanza na tutazame nchi yenyewe. Ruvuma huzaliwa katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukashuka safari ya zaidi ya kilomita 700 kabla ya kuiona bahari. Njiani hupokea maji ya mto Lugenda utokao Msumbiji, na tangu hapo huwa mpana, wenye kina kifupi na mafungu mengi ya mchanga. Hauna tabia moja. Wakati wa kiangazi mchanga hutokeza mgongo wake juu ya maji, na mgeni huweza kudhani kuwa atavuka kwa miguu, mpaka aonyeshwe mamba waliojilaza kama magogo. Wakati wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, mto huacha kitanda chake ukalala bondeni. Hapo mashamba ya mpunga na mapito ya watu hufunikwa, na kijiji cha mtoni huwa kijiji cha ziwani. Kwa hakika maziwa madogo ya bonde hili, kama Chidya upande wa Tanzania na Nangade upande wa Msumbiji, ni watoto wa tabia hiyo ya mto.

Kilambo kina bwana mwingine zaidi ya mto, naye ni bahari. Maji ya bahari hupanda mtoni mara mbili kila siku na kushuka mara mbili, na mikoko husimama kama mashahidi wa mpaka baina ya chumvi na maji matamu. Mwenye mtumbwi hana haja ya saa, hutazama maji. Kivuko cha magari kilipoletwa hapa, nacho kilikuta sheria hiyo hiyo: maji yakijaa husafiri, maji yakipwa hungoja juu ya mchanga, na abiria mwenye haraka hujifunza subira kwa nguvu. Serikali mbili huandika ruhusa ya kuvuka, lakini ruhusa ya mwisho hutolewa na mwezi.

Ng'ambo ya bonde, kuelekea magharibi, nchi huinuka kuwa uwanda wa juu wa Newala. Juu ya uwanda ule mvua hunyesha, lakini ardhi ya kichanga huinywa yote, hata visima huwa shida. Kwa nini basi Wamakonde wengi walichagua kukaa mahali pasipo maji, na huku mto mkubwa unapita chini yao? Jibu liko katika historia. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilishuka kutoka bara kuja Mikindani na bandari nyinginezo, na baadaye Wangoni walivamia kutoka magharibi. Vichaka vya uwandani vilikuwa ngome. Aliyeogopa watu alipanda juu akavumilia kiu. Aliyeogopa kiu alishuka bondeni akavumilia hatari. Hivyo kukaa kando ya mto huu hakukuwa jambo la raha tu. Kulikuwa uamuzi, na kila ukoo ulioko Kilambo ni uzao wa uamuzi huo.

Wageni nao walikuja wakiutaka mto kwa mashauri yao. David Livingstone aliingia Ruvuma mwaka 1861 kwa merikebu ya moshi iitwayo Pioneer, akitumaini kupata njia ya kufikia Ziwa Nyasa pasipo kupita katika nchi iliyoshikwa na Wareno. Maji yalikuwa yakipungua, akarudi. Mwaka 1862 alijaribu tena kwa mashua, akaenda mbali mpaka akazuiwa na miamba. Mwezi wa Machi 1866 alikuja mara ya tatu, safari hii pamoja na ngamia. Mikoko na matope ya mlangoni yakamnyima mahali pa kuwateremshia, ikambidi ashukie Mikindani na kwenda kwa miguu. Mto uliokataa kuwa njia ya merikebu uliwakubali sana wenye mitumbwi. Tofauti ni kwamba wao hawakutaka kuupanda. Walitaka kuuvuka tu.

Baada ya watafuta njia walikuja watafuta mipaka. Tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilipatana kwamba mpaka wao ufuate Ruvuma tangu mlangoni mpaka makutano yake na mto Msinje, kisha uende kwa mstari mpaka Ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata Wareno wakainyakua Tungi, ghuba iliyo karibu na Palma ya leo, ambayo Sultani wa Unguja aliihesabu kuwa yake. Hata mto wenyewe haukutosha kuwa mpaka wa amani: mwaka 1894 Wajerumani waliikalia Kionga, pembe ndogo ya nchi iliyo kusini ya mlango wa mto, wakidai kuwa nchi yao hufika nyuzi 10 na dakika 40 za kusini. Kwa miaka 22 mtu aliyevuka maji kutoka Kilambo kwenda Kionga hakuwa ametoka katika Afrika ya Kijerumani. Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga; Mei mwaka ule walijaribu kuvuka mto kuja kaskazini, wakapigwa na kurudishwa kwa hasara. Mwaka 1919, katika mapatano ya amani huko Ulaya, pembe ile ikapewa Ureno. Watu wa Kionga hawakuwa wamehama hata hatua moja; nchi ndiyo iliyohama chini ya miguu yao.

Nimeyataja mambo haya kwa sababu yaliingia katika nyumba yetu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kusini ya mto. Katika miaka ya 1940 wazazi wake walivuka pamoja naye, wakikimbia kilimo cha pamba ambacho serikali ya Wareno iliwalazimisha wakulima kukifanya, na baba yake akapata kazi katika shamba la katani huko Lindi. Usoni alikuwa na chale za Kimakonde, na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, ingawa ndonya yenyewe aliacha kuivaa zamani. Alinena Kimakonde, majirani zake wa kaskazini walinena Kimakonde. Pamoja na hayo waliitwa Wamakonde wao, na yeye akaitwa Mmawia, jina linalosemwa kuwa na maana ya mtu mwenye hasira. Maji ya mto yalitosha kuwafanya watu wa lugha moja wawe na majina mawili, moja la heshima na moja la kutahadharishana.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimwuliza siku moja ni lini alihamia nchi hii. Alicheka, akanijibu kwa utani wa bibi na mjukuu, “Mume wangu, mimi sikuhama nchi, nilivuka maji.” Wakati ule niliona amejibu kwa mzaha. Leo naona kuwa hakuna jibu lililo karibu zaidi na ukweli wa historia. Kwa Kiyao neno chilambo maana yake ni nchi, tena ni dunia; na mtu asimamaye Kilambo huona kweli kwamba pande mbili za mto ni nchi moja iliyopitiwa na maji katikati, kama ua uliopitiwa na njia.

Mlango ule ulifunguliwa wazi kabisa tangu mwaka 1964. Tarehe 25 Septemba mwaka huo FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilianza vita vya uhuru katika jimbo la Cabo Delgado. Maelfu ya watu walivuka Ruvuma kuja Tanzania. Wengine walipelekwa Rutamba katika Lindi, ambako palitengwa makazi ya wakimbizi. Wengine walipokewa na jamaa zao, na nyumba ya bibi yangu ilikuwa na vitanda vichache kuliko wageni. Ukarimu huo haukuwa wa bure. Ndege za Wareno zilitupa mabomu kaskazini ya mto, na mabomu ya kutegwa yalikata miguu ya watu waliokuwa wakienda shambani. Katika sehemu za mpakani vijiji vya ujamaa havikuanzishwa kwa ajili ya kulima pamoja tu, bali pia kwa ajili ya kujilinda. Wanavijiji maskini wa Ruvuma walilipa sehemu ya gharama ya uhuru wa Msumbiji, uliopatikana tarehe 25 Juni 1975, na katika vitabu vikubwa vya historia sehemu yao haizidi mistari michache.

Baada ya uhuru huo ingedhaniwa kwamba mlango hautafungwa tena. Mwaka 2010 Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mtambaswala, mbali sana juu ya mto, na viongozi wa nchi mbili wakapeana mikono. Kilambo hakikupata daraja, lakini kiliendelea na biashara yake ya siku zote: nguo na sabuni kwenda kusini, samaki na nafaka kuja kaskazini, wagonjwa kwa waganga, maharusi kwa waume zao, na maiti kwa makaburi ya wazee wao. Chini ya ardhi pia hapakuwa na mpaka: gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na ile nyingi zaidi iliyopatikana baharini karibu na Palma tangu mwaka 2010, zimo katika bonde moja la miamba, na wataalamu huliita kwa jina la mto huu huu.

Kisha ikaja hofu. Machafuko yaliyoanza Cabo Delgado mwezi wa Oktoba 2017 yaliukaribia mto, na Oktoba 2020 wenye silaha walivuka wakakishambulia kijiji cha Kitaya, kilichoko katika bonde lile lile, wakaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Watu wakakimbilia Ruvuma kama baba zao walivyokimbilia. Lakini safari hii Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza kuwa maelfu ya waliovuka walirudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano. Bibi yangu alikuwa amekwisha kufariki, na nilishukuru kwa ajili hiyo. Mjomba wangu, aliyezaliwa Mtwara na kulipa kodi Mtwara maisha yake yote, aliulizwa zaidi ya mara moja katika miezi ile atoe ushahidi kwamba yeye ni wa huku, kwa kuwa matamshi yake yalikuwa na ladha ya kwa mama yake.

Sitaki kunena kwa wepesi. Aliyefukiwa ndugu yake Kitaya ana haki ya kutaka mlango ulindwe, na mwandishi aketiye mbali na hatari hana ruhusa ya kumcheka. Serikali isiyolinda watu wake haistahili jina hilo. Walakini mwanamke aliyekuja mtoni usiku na mtoto mgongoni hakuwa ameshika bunduki; alikuwa akiikimbia bunduki ile ile iliyoua Kitaya. Mlinzi asiyeweza kupambanua mvamizi na aliyevamiwa hulinda mbao za mlango, hailindi nyumba. Kupambanua huko ni kazi ngumu, na hapa ndipo elimu ya kijiji inapohitajiwa. Afisa aliyehamishiwa mpakani jana hajui nani ni nani. Wazee wa Kilambo wanajua: wanajua koo, wanajua matamshi, wanajua nani ana shangazi Namoto na nani amejitungia shangazi. Maarifa hayo yamekusanywa kwa vizazi vingi vya kuvuka, nayo hayapatikani katika karatasi yoyote.

Kwa sababu hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu wa historia wasividharau vijiji vidogo. Tumezoea kuandika habari za Kilwa kwa misikiti yake na za Unguja kwa masultani wake, na ni vyema. Lakini masultani wamekwisha kupita, na mpaka bado upo. Watu wataendelea kubisha hodi Ruvuma muda wote ambapo upande mmoja una amani na mwingine hauna. Wazee waliowapokea wageni wa mwaka 1964 wanapungua kila mwaka. Kila mmoja anapozikwa tunapoteza shahidi aliyeweza kutueleza jinsi watu wasio na kitu walivyojua nani wa kumfungulia, na walivyogawana naye muhogo. Mwenye kalamu na daftari aende Kilambo mapema, maji yakiwa yamejaa, akaulize kwa adabu, akaandike.