Barua kutoka Bulla Pesa: kahawa ya mnada na kahawa ya samli

Bulla Pesa, Isiolo

Ami yangu,

Nimefika salama, alhamdulillahi, na nimepokewa kama mtoto wa nyumba. Nimefikia Bulla Pesa kwa mama yake yule mwenzangu Mborana niliyesoma naye Nairobi. Joto liko, vumbi liko, na upepo wa jioni ndio unaotupoza. Mengine nitakueleza nikirudi Mombasa, maana najua unachongoja ni habari za kahawa, nami ninazo za kukutosha.

Unakumbuka ulipokuwa kwenye maghala ya Shimanzi, ukirudi jioni na harufu ya magunia shatini, ukitukalisha barazani na kutufundisha? Hii ya Uganda ni robusta, nzito, inanukia ukuni mkavu, na nguvu yake ya kumnyima mtu usingizi inakaribia mara mbili ya arabika. Hii ya Bugisu imetoka Mlima Elgon, ichemshe upendavyo, haikwaruzi koo. Hii ya Rwanda ni laini na tamu, lakini ikiingia punje moja iliyotobolewa na mdudu shambani, birika zima linanuka kiazi kibichi. Ya Meru uliijua kwa maandishi ya madaraja kwenye gunia tu, AA, AB, PB, kisha ikapandishwa meli. Basi huko Meru ndiko nilikoanzia, kama ulivyoniusia.

Msimu mkubwa umepamba moto. Huko Imenti kila njia ina watu wenye magunia ya matunda mekundu wakielekea kiwandani. Wenyewe wanakiita kiwanda, ingawa ni banda, mashine ya kumenya, matangi ya saruji na mifereji ya maji, mali ya chama cha ushirika. Nilikaa hapo mchana kutwa. Mkulima akifika hapimiwi kwanza. Anamwaga matunda yake sakafuni, yeye na mkewe na watoto, wanachagua: mabichi huku, yaliyokauka mtini huku, mekundu peke yake ndiyo yanayokwenda kwenye mizani. Karani anapita akitazama, na akiona mabichi mawili matatu anasema rudieni, na wanarudia bila kunung'unika. Kisha mashine inamenya, punje zinalala tangini zichachuke mpaka ute uachie, zinasukumwa kwa pau ndani ya mifereji, maji yakikimbia juu yake. Nyepesi zinaelea na kuondolewa, nzito zinabaki chini. Zinalowekwa tena kwenye maji safi, halafu zinaanikwa juu ya vitanda vya waya, na mtu anazigeuza kwa mkono siku nzima. Jua likiwa kali mno zinafunikwa, jioni zinafunikwa tena.

Nakueleza haya yote kwa kuwa watu husema ladha ya Kenya ni udongo. Udongo upo, ule mwekundu wa volkano ya Mlima Kenya, na baridi ya mwinuko inayofanya tunda liive polepole ipo. Mbegu nazo zipo: SL28 na SL34, zilizochaguliwa na Maabara ya Scott pale Kabete tangu miaka ya 1930, na hizi za karibuni, Ruiru 11 ya mwaka 1985 na Batian ya 2010, zinazostahimili magonjwa. Lakini mimi niliyesimama kwenye ile mifereji nasema nusu ya ladha ni maji na mikono. Walinitilia kikombe cha kahawa yao wenyewe. Ina uchachu safi unaokamata pembe za ulimi, halafu unakuja utamu kama wa zambarau. Nilisikitika kuwa wengi wa waliokuwa wakichagua sakafuni hunywa chai.

Si kwamba hawaipendi. Miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kulima kahawa, masetla wasije wakapata washindani na kukosa vibarua, wakati Wachagga ng'ambo ya mpaka walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wakulima mwaka 1925. Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kwa majaribio katika miaka ya 1930, kila mtu na miti yake michache ya kuhesabiwa. Zao lililoanza kwa kibali, likakusanywa kwa ajili ya mnada wa Nairobi, liliwazoesha watu kuwa ni la kuuzwa. Mzee mmoja alinionyesha nyumba aliyoijenga baada ya jalidi ya Brazil ya Julai 1975, bei ilipopanda dunia nzima. Bila shaka wewe unaikumbuka miaka ile, kahawa ya magendo ya Uganda ikivushwa usiku kule Chepkube mpakani. Mkataba wa dunia wa mgao wa kahawa ulipovunjika 1989 bei ikaanguka, na wengi wakang'oa miti. Msimu wa 1987/88 nchi nzima ilitoa karibu tani 130,000. Siku hizi ni kama tani 50,000 hivi.

Kabla sijaondoka pale kiwandani niliona rundo pembeni, matunda meusi yaliyokauka na ganda lake. Mbuni. Ni yale yaliyochelewa mtini au kukataliwa kwenye mizani. Yanaanikwa tu hivyo hivyo, hayamenywi, hayaoshwi, na bei yake ni ya chini. Niliomba kilo moja ninunue. Karani akaniuliza, kwa huruma kabisa, kwa nini sichukui kahawa nzuri. Nikainunua nikaitia mkobani, na sasa utaona ilinifaa vipi.

Kutoka Meru mjini hadi hapa ni kilomita hamsini na kitu. Matatu inapanda mpaka Subuiga, kwenye mashamba ya ngano, baridi ikikupiga usoni, halafu inaanza kuteremka, na ndani ya nusu saa umevua sweta na unatazama migunga na ngamia. Mti wa kahawa hauoti hapa. Watu wa Isiolo wanaishi ukingoni kabisa mwa nchi ya kahawa, na ingawa malori ya miraa ya Nyambene yanateremka hapa kila siku, kahawa ya nyumba hizi za Waborana haitoki Meru. Inatoka kaskazini, inaingilia Moyale, kama kilomita mia tano kwa barabara. Lami ilipokamilika miaka kadhaa iliyopita safari ikawa ya siku moja. Zamani, anasema Mama mwenyeji wangu, lori likichelewa kwa matope, buna ilikuwa inakopeshwa kwa kikombe, nyumba kwa nyumba.

Buna ndiyo kahawa yao, na sasa nisikilize vizuri, Ami, kwa kuwa hii hujapata kuionja.

Mama alitandika mkeka uani, akaleta ungo wenye matunda makavu, madogo, ya rangi ya kahawia iliyoiva, na maganda yake. Akaketi na binti zake, wakaanza kuyauma ncha moja moja kwa meno, tap, tap, ili samli ipate pa kuingilia. Waborana wanaiita kazi hii kuchinja buna. Katika dua zao buna hushika nafasi ya mnyama, na tunda linafunguliwa kwa heshima ile ile anayopewa ng'ombe. Hakuna aliyecheka wala kuharakisha. Makaa yakawashwa, sufuria ikatiwa samli ya ng'ombe mpaka ikatulia kutoa povu, ndipo buna zikamwagwa. Mwanzo kimya. Halafu zikaanza kupasuka, moja, mbili, kisha zote, na harufu ikapanda ambayo siwezi kuifananisha na ile ya kikaangio chako: ganda linatoa utamu wa tende iliyoungua kidogo, punje inatoa kahawa, samli inavifunga vyote viwili. Mama akaligeuza jicho lake kutoka sufuriani mara moja tu, kumkaribisha mzee wa jirani aliyeisikia harufu akaja.

Yakaja maziwa moto, yakamwagwa humo humo. Kabla ya mtu kugusa kikombe mzee akaomba dua, amani ya nyumba, amani ya mji, mvua, mifugo, wasafiri, nasi tukiitikia. Neno lililorudi zaidi ni nagaa, amani. Mji huu umeshazika watu wengi kwa ugomvi wa malisho na maji, na waliokaa kwenye ule mkeka wanajua wanachokiomba. Kisha tukapewa. Maziwa unakunywa, buna unatafuna na ganda lake. Samli iliyobaki, yenye rangi ya dhahabu nyeusi, wanawake wakajipaka mikononi na usoni, na mimi nikapakwa.

Ladha yake, Ami! Uchungu upo lakini umelala chini. Juu kuna utamu, na harufu ya tunda lililokaushwa juani. Ndiyo tabia ya kahawa za Uhabeshi zinazokaushwa na ganda, sawa na zile za Harar zinazosifiwa kwa harufu ya matunda. Ukichukua za Yirgacheffe zilizooshwa, ni jambo jingine, zinanukia maua, kama mtu amepita na asumini. Nchi moja, mti mmoja, na sehemu kubwa ya tofauti inatokana na ganda kuondolewa au kuachwa.

Usiku ule niliomba ruhusa, nikatoa mbuni yangu ya Meru. Mama aliitazama kwa makini, akaigeuza kiganjani. Ni kubwa kuliko za kwake, nzito. Akaikaanga vilevile, bila kuidharau. Ganda lake liliungua haraka, baadhi ya punje zilikuwa hazijaiva na zikabaki ngumu. Lakini zile nzuri, wallahi, zilikuwa nzuri: chachu zaidi, zenye ule uzambarau wa kiwandani. Mama akasema wangeikausha kwa kuitunza ingekuwa buna kamili. Huyu hajapata kukanyaga mnadani, na ameliona hilo kwa kutafuna. Kwenye rundo la kiwanda matunda mazuri na mabovu yanaanikwa pamoja kwa kuwa hakuna anayetarajia kuyala. Huko kusini mwa Uhabeshi matunda mazuri nayo huanikwa na ganda, na mnunuzi wake mmojawapo ni jirani, naye atayarudisha yakiwa mabaya. Wahabeshi wanakunywa wenyewe karibu nusu ya mavuno yao yote. Hapo ndipo ninapoona siri ya kahawa zao kuwa za namna nyingi hivyo. Kahawa yetu ina sura moja safi sana kwa sababu ililelewa kwa ajili ya mnunuzi mmoja, aliye mbali.

Na hizi kahawa mbili ni ndugu, hilo ndilo linalonikosesha usingizi hapa. Asili kuu ya arabika ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi, na hata kwenye msitu wa Mlima Marsabit, juu tu ya barabara hii, wataalamu wa mimea wameandika kuikuta arabika ikiota yenyewe. Lakini mibuni ya kwanza ya Kenya haikushuka kwa njia hii. Mbegu ilivuka kwanza kwenda Yemeni, Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ndicho Réunion cha leo, kutoka huko mapadri wa Roho Mtakatifu wakaileta Bagamoyo, halafu wakaipanda Bura, kwa Wataita, mwaka 1893, kisha Nairobi. Ile SL34 ilichaguliwa kutokana na mti uliosemekana kuwa wa uzao huo wa mapadri. Mbegu hiyo imezunguka bahari nzima ili kufika Meru, na kwao ni hapa juu, safari ya malori.

Hata hilo la ganda si geni kwetu watu wa bahari. Wayemeni wanachemsha maganda kwa tangawizi na kuyaita qishr, na Wasomali wa mji huu nao wana buni yao ya kukaanga kwa samli. Wahaya wa Bukoba wanachemsha robusta mbichi kwa majani ya kunukia, wanaikausha na kuitafuna, na Waganda walikuwa wakigawana punje mbili za tunda moja kufunga udugu. Wote hawa walikuwa wakila au kunywa kahawa kabla ya mtu yeyote kuwapangia madaraja ya AA na AB. Ningependa kiwanda kimoja cha Meru kijaribu msimu mmoja tu kuanika matunda mekundu mazima, yaliyochaguliwa kama ya mnada, kisha kuyateremsha Isiolo. Soko liko kilomita hamsini na kitu, halihitaji meli. Nimemwandikia katibu wa chama kile kumweleza hivyo, na Mama ameahidi kuonja na kutoa hukumu.

Nimempa dereva wa basi la Nairobi kifurushi chako, atakikabidhi kwa shemeji, naye atakileta Mombasa Ijumaa. Mfuko mdogo ni buna ya Moyale, mkubwa ni mbuni ya Meru niliyoichagua mwenyewe punje kwa punje. Usizisage wala usizitie kwenye dele. Ziume ncha, samli iwe nyingi mpaka zielee, moto mdogo, na zikianza kupasuka usiondoke. Maziwa yawe yameshachemka pembeni, ukimimina baridi samli inaruka. Sukari tia kikombeni. Mwite na Bwana Salim wa kikaangioni aonje zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi, kisha niandikie alichosema.

Nisalimie Mama Mkubwa na watoto wote.

Mwanao