Vita vya Kampala na Sanda ya Dodoma

Ndugu msomaji, huenda uko Tanga, Lamu au Unguja, nami nakuandikia kutoka Dodoma, mbali na bahari. Lakini jambo hili liliingia nyumbani kwenu pia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Kumtoa adui nyumbani kwako ni haki, hapo sina neno. Nilikuwa kijana wa chuoni. Treni za askari zikipita stesheni yetu, tukiwapungia mikono. Lakini jeshi letu halikukomea mpakani. Tarehe 11 Aprili 1979 liliingia Kampala, nasi tukashangilia.

Tazama yaliyofuata. Lule alikaa madarakani siku 68, Binaisa hakutimiza mwaka. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Waganda wakazikana upya.

Sisi huku tuliambiwa tujifunge mikanda miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Fedha za kigeni zilikwisha. (Nisivibebeshe vita mzigo wote: mafuta yalipanda bei, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha vunjika 1977.) Sabuni ikaadimika, hata bafta ya kuzikia.

Mwaka 1983 alifariki bibi mmoja, jirani yetu. Tulizunguka mji mzima, hatukupata hata yadi moja. Mwenye duka aliyezoea kututolea sanda bila ya malipo alikuwa amekamatwa wiki ileile, katika msako wa wahujumu uchumi ulioanza Machi, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine. Uvunguni mwake yalikutwa majora manne ya bafta. Nami siku alipochukuliwa nilisimama barazani nikasema, "Na wamtie ndani!" Wanawake wakamkafini bibi yule kwa shuka zake za kitandani, moja ina maua.

Je, yule alikuwa mhujumu, au mtunza sanda zetu? Swali hilo nimelala nalo miaka mingi.

Mwalimu aling'atuka 1985. Mwaka uliofuata serikali ya Mzee Mwinyi ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo masharti yake Mwalimu aliyakataa kwa miaka. Tulikwenda kumwangusha Amin. Ujamaa wetu ukarudi kutoka huko umeteguka kiuno.

Nguo zilikwisha anza kuonekana madukani. Mwenye duka alikuwa ametoka, amekonda. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunijibu, alinikatia bafta, akaikunja, akaniambia nikaiweke msikitini.